UMATI tangu 1959: Huduma ya Uzazi wa Mpango na Upimaji, kutoka Dar es Salaam hadi Wampembe

Chama cha Uzazi na Malezi Bora Tanzania, kinachojulikana nchini kote kwa jina la UMATI, kilizaliwa Dar es Salaam mwaka 1959, miaka miwili kabla ya Uhuru wa Tanganyika. Ndicho kilicholeta huduma za kisasa za uzazi wa mpango nchini, na kwa miaka 30 ya mwanzo ndicho kilichobeba sehemu kubwa ya mzigo wake: kuagiza vidonge na vitanzi, kufundisha wauguzi, kueleza wananchi. Historia ya chama hiki kwa kawaida husimuliwa kutoka makao makuu. Hapa inapimwa kwa mahali pa mbali zaidi, Wampembe, kata ya Wilaya ya Nkasi mkoani Rukwa, chini kabisa ya ukingo wa Ufipa, kwenye ufukwe wa Ziwa Tanganyika. Huduma iliyofika Wampembe imefika Tanzania.

Hitaji lililokuwapo

Kupishanisha watoto hakukuanza na kliniki. Katika jamii nyingi za Tanganyika mama alinyonyesha miaka miwili au zaidi, na wazazi walitarajiwa kujizuia hadi mtoto apate nguvu. Mtoto akidhoofu kabla ya wakati, wazazi waliambiwa wamembemenda, na aibu hiyo ilitosha kuwa sheria. Wengine walivaa hirizi na pigi kiunoni, wengine walikwenda kwa wakunga wa jadi kutafuta mizizi. Taratibu hizi zilitegemea ndugu wengi kuishi pamoja na wazee kusikilizwa. Mtu alipohamia mjini au mashambani kutafuta kibarua, zililegea, na hapakuwa na kingine cha kushika nafasi yake.

Ufipa ilikuwa na jambo lake la ziada. Wamisionari wa Afrika, wanaojulikana kama White Fathers, walishika kituo cha Karema mwaka 1885, na kutoka hapo Ukatoliki ulienea kandokando ya ziwa na juu uwandani. Tiba ya kisasa ilikuja kwa njia hiyohiyo. Adrian Atiman, aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto huko Afrika Magharibi na kusomea tiba Malta, alifika Karema mwishoni mwa miaka ya 1880 akatibu watu hadi alipofariki mwaka 1956; hospitali ya Dkt. Atiman mjini Sumbawanga inabeba jina lake. Kwa hiyo, watu wa Ufipa waliizoea dawa ya kizungu mapema kuliko wengi, lakini waliipokea kutoka kwa mikono iliyoamini kwamba uzazi hauzuiwi kwa dawa. Waraka wa Papa Paulo VI wa Julai 1968 ulithibitisha msimamo huo. Hadi leo hospitali na zahanati za Kanisa hufundisha njia za asili, kama kufuatilia ute na siku za hatari, na anayetaka njia nyingine hulazimika kuitafuta katika kituo cha serikali. Ubishi wa hoja hauondoi ukweli huu wa kijiografia: palipo na kituo cha Kanisa peke yake, njia za kisasa hazipo.

1959–1973: chama cha mjini

Afrika Mashariki nzima ilikuwa inaamka katika jambo hili. Shirikisho la kimataifa la vyama vya uzazi wa mpango, IPPF, lilikuwa limeundwa Bombay mwaka 1952, na vyama vya hiari vilikuwa vimeanza Kenya na Uganda katika muongo huohuo. Chama cha Dar es Salaam kilianza kwa namna ileile: watu wachache wa kujitolea, kliniki za mjini, na wateja waliokuwa wamesoma au wanaoishi karibu. Asilimia kubwa ya wananchi walikuwa vijijini na hawakukisikia.

Mazingira ya siasa yalikuwa ya tahadhari. Kenya ilitangaza mpango wa taifa wa uzazi wa mpango mwaka 1967. Tanzania haikufanya hivyo. Sensa ya mwaka huohuo ilihesabu watu milioni 12.3 katika nchi kubwa yenye ardhi tupu nyingi, na wengi waliona hoja ya kupunguza watu kuwa ni ya wageni. Mwalimu Julius Nyerere, alipowasilisha Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano mwaka 1969, aligusa suala hilo kwa upande wa malezi: wazazi wafikirie afya ya mama na uwezo wao wa kulea. Msimamo huo ulikipa chama nafasi ya kupumua. Chama kilizungumza lugha ya afya ya mama na malezi ya mtoto, na lugha hiyo ndiyo iliyokivusha kipindi ambacho vyama vingi vya aina yake barani vilishukiwa.

1974–1988: ndani ya kliniki ya mama na mtoto

Mwaka 1974 ndio mwaka mkubwa kuliko yote katika historia hii, hata kuliko 1959. Serikali iliunganisha huduma za afya ya mama na mtoto, na uzazi wa mpango ukaingizwa humo. Mama aliyempeleka mtoto kupimwa uzito na kuchanjwa angeweza, siku hiyohiyo na katika jengo hilohilo, kuuliza juu ya vidonge. Hakuhitaji kuonekana akielekea mahali penye bango la pekee. Kwa wanawake wa vijijini faragha hiyo ilikuwa na uzito kuliko tangazo lolote.

Mgawanyo wa kazi ulikuwa wazi. Serikali ilitoa majengo na wauguzi. UMATI, kwa msaada wa IPPF, iliagiza na kusambaza dawa na vifaa, ikafundisha watoa huduma na kuandaa elimu kwa umma. Vidonge vya majira, sindano, kitanzi na kondomu vilipita mikononi mwa chama kabla ya kufika zahanati. Chama cha hiari kilikuwa kinafanya kazi ya bohari, ya chuo na ya idara ya elimu kwa wakati mmoja.

Mwaka huohuo wa 1974 ndipo Mkoa wa Rukwa ulipoundwa, makao yake makuu Sumbawanga. Mkoa ulianza na barabara mbovu, mvua zinazofunga njia, na ukanda wa ziwa uliofikika kwa maji kuliko kwa gari. Meli ya MV Liemba, iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913 na kuingia tena kazini mwaka 1927 baada ya kuzamishwa katika Vita Kuu ya Kwanza, ilikuwa uti wa mgongo wa usafiri wa pwani hiyo, na Wampembe ilikuwa mojawapo ya mahali iliposimama. Wampembe hapakuhitaji tawi la UMATI ili kuguswa na kazi yake. Mkono wa chama katika maeneo kama hayo ulikuwa muuguzi wa serikali mwenye mafunzo.

Miaka ya 1980 ilibana. Uchumi uliyumba, mafuta yalikuwa ya shida, na vifaa vya tiba vilipungua kila mahali. Mwaka 1984 Marekani ilitangaza kutozisaidia asasi za nje zinazojihusisha na utoaji mimba, na IPPF, mfadhili mkuu wa chama, ikapoteza fedha hizo. Sera hiyo imefutwa na kurudishwa mara kadhaa tangu hapo, chama kinachotawala Washington kinapobadilika. Ni ajabu, lakini ni kweli, kwamba uchaguzi wa Marekani umekuwa na athari katika kabati la dawa la vijiji vya Tanzania.

1989–1999: serikali yashika usukani

Mwaka 1989 Wizara ya Afya ilizindua Mpango wa Taifa wa Uzazi wa Mpango. Kuanzia hapo ununuzi, usambazaji na mafunzo vilihamia serikalini hatua kwa hatua, na baada ya Bohari ya Dawa kuanzishwa kwa sheria ya mwaka 1993, mnyororo wa vifaa ulipata mwenyewe. Taasisi nyingine ingeona huko ni kunyang'anywa kazi. Kwa UMATI yalikuwa mafanikio: jambo lililoanzishwa na watu wachache wa kujitolea lilikuwa limekuwa wajibu wa dola.

Utafiti wa kwanza wa hali ya uzazi na afya nchini, wa 1991/92, ulionyesha mahali safari ilipofikia. Miongoni mwa wanawake walioolewa, takriban asilimia 7 tu walitumia njia ya kisasa. Miaka 30 ya juhudi ilikuwa imejenga njia; wapitaji walikuwa bado wachache.

Muongo huo ulileta mambo matatu yaliyobadilisha hesabu. La kwanza ni alama ya Nyota ya Kijani, iliyowekwa kwenye vituo ili hata asiyejua kusoma atambue kwamba hapa huduma inapatikana. La pili ni redio. Mchezo wa Twende na Wakati ulianza kurushwa na Radio Tanzania mwaka 1993, na wasikilizaji waliwafuata Mkwaju, dereva wa lori mwenye wapenzi njia nzima, na mkewe Tunu aliyeishia kuchoka na kusimama kwa miguu yake. Watafiti waliilinganisha Dodoma, ambako matangazo hayo yalicheleweshwa hadi 1995, na maeneo mengine, wakaona kwamba mchezo ulichochea watu kwenda kliniki. Redio ilifika pasipofika gari, na Wampembe ni mahali pa aina hiyo.

La tatu halikupigiwa ngoma, lakini ndilo zito zaidi. Miongozo ya taifa ya mwaka 1994 ilieleza kwamba huduma ni haki ya kila mtu aliye katika umri wa kuzaa, wakiwamo vijana, bila kujali ndoa wala idadi ya watoto. Kabla ya hapo wahudumu wengi walidai ruhusa ya mume, au walimrudisha nyumbani mwanamke ambaye hajazaa. Karatasi ilibadilika mwaka 1994. Tabia ya dirishani ilichukua muda mrefu zaidi, na mahali pengine bado inachukua.

Kufikia 1999 matumizi ya njia za kisasa kwa walioolewa yalikuwa yamefika takriban asilimia 17.

Upimaji waingia

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Kwa miaka mingi kupima kulikuwa kazi ya maabara za mijini, na majibu yalikuwa hukumu bila rufaa kwa sababu dawa hazikuwapo. Uzazi wa mpango na magonjwa ya ngono vilikaa vyumba tofauti, ingawa aliyevihitaji ni mtu yuleyule.

Ukuta huo ulianza kubomolewa na utafiti uliofanyika hapahapa nchini. Kati ya 1991 na 1994, vijijini mkoani Mwanza, zahanati za kawaida ziliimarishwa kutibu magonjwa ya ngono kwa kufuata dalili. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 1995, yalionyesha kwamba maambukizi mapya ya VVU yalipungua kwa karibu asilimia 40. Somo lilikuwa la dunia nzima, na lilitoka kwa wauguzi wa zahanati za kando ya ziwa, si hospitali kubwa.

Baadaye mambo yalikwenda kwa kasi. Tume ya Kudhibiti UKIMWI, TACAIDS, iliundwa mwaka 2001, mwaka ambao vituo vya ANGAZA vya ushauri nasaha na upimaji wa hiari vilianza chini ya shirika la AMREF. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure mwaka 2004, na hapo ndipo kupima kulipopata maana: aliyekutwa na virusi alikuwa na pa kwenda. Tarehe 14 Julai 2007 Rais Jakaya Kikwete na mkewe, Mama Salma Kikwete, walipima hadharani Dar es Salaam kuzindua kampeni ya taifa. Vipimo vya haraka vya tone la damu kidoleni viliondoa kungoja kwa wiki. Majibu yalitoka mtu akiwa bado kwenye benchi. Mwaka 2019 marekebisho ya sheria yaliruhusu mtu kujipima mwenyewe, na umri wa kupima bila idhini ya mzazi ukashushwa hadi miaka 15.

Kliniki ya wajawazito imekuwa mlango mkuu wa upimaji. Mama hupimwa VVU na kaswende, na mwenzi wake huombwa kuja naye. Kliniki za UMATI zilichukua mkondo huohuo: uzazi wa mpango, upimaji wa VVU, tiba ya magonjwa ya ngono na uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi chini ya paa moja, pamoja na huduma rafiki kwa vijana.

Wampembe na hesabu ya safari

Mji wa Sumbawanga uko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Uso wa Ziwa Tanganyika uko karibu mita 770. Barabara ya Kitosi–Wampembe inashuka tofauti hiyo kwa kona na makorongo, na mvua za kuanzia Novemba hadi Aprili huifanya kuwa ahadi isiyo na uhakika. Kwa majirani wa kusini na kaskazini mwambaoni, boti ndiyo njia. Wampembe ina kituo cha afya. Kinachotakiwa zaidi ya hapo kinapatikana juu ya mlima: Hospitali Teule iliyoko Namanyere, makao makuu ya wilaya, ni mali ya Jimbo Katoliki la Sumbawanga, na hospitali ya rufaa ya mkoa iko Sumbawanga mjini.

Katika mazingira haya kila njia ya uzazi wa mpango ina nauli yake. Vidonge ni vya kila siku na pakiti huisha kwa mwezi. Sindano hurudiwa kila miezi mitatu, yaani safari nne kwa mwaka, na mbili kati yake huangukia msimu wa mvua. Kijiti hukaa miaka mitatu au mitano kulingana na aina, na kitanzi cha shaba hukaa miaka 10 au zaidi. Kwa mwanamke anayetoka kambi ya wavuvi kwa boti, tofauti hii inapita maelezo yote ya kitabibu. Mwaka 2013 bei ya kijiti aina ya Jadelle kwa nchi maskini ilishuka kutoka dola 18 hadi dola 8.50 za Marekani, na takwimu za taifa zikaonyesha matokeo: sindano iliongoza katika utafiti wa 2015/16, na kufikia 2022 vipandikizi vilikuwa vimeipita. Ila kijiti kinataka mkono uliofundishwa kukiweka, na vilevile kukitoa. Muuguzi mmoja aliyehamishwa anaweza kuwaacha wanawake wa kata nzima na vijiti visivyo na wa kuvitoa. Ndiyo sababu mafunzo, kazi ya kwanza ya UMATI, hayajawahi kupitwa na wakati.

Huduma za mkoba zimesaidia kuziba pengo: timu inayokuja na vifaa vyake, inakaa siku chache kituoni, inafanya yale yasiyofanyika kila siku, ikiwamo kufunga kizazi. Shirika la Marie Stopes, lililopo nchini tangu 1989, limefanya kazi kwa mtindo huu katika mikoa mingi, na UMATI pia ina timu za aina hiyo. Mwambaoni kalenda ya timu kama hizi ingefaa ifuate mwezi. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa usiku wa giza na kupumzika siku za mbalamwezi. Mkoba unaofika katikati ya giza huwakuta wamelala mchana na wametoweka usiku. Mbalamwezi huwakuta wote ufukweni, wenye pesa mfukoni na wakati wa kusikiliza.

Upimaji una ugumu wa aina nyingine. Mahali ambapo muuguzi ni jirani na karani ni shemeji, usiri hautunzwi kwa kufuli la kabati peke yake. Kipimo cha kujipima kinapunguza kikwazo hicho, mradi anayekutwa na virusi athibitishiwe kituoni na kuanzishiwa dawa. Rukwa ilikuwa na sababu ya kuharakisha: utafiti wa 2011/12 ulikuta asilimia 6.2 ya watu wa miaka 15 hadi 49 wakiishi na VVU, juu ya wastani wa taifa wa asilimia 5.1.

Kwa wasichana hali haijatulia. Mwaka 2022 asilimia 30 ya wasichana wa Rukwa wenye miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au ni wajawazito, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 22. Majirani, Katavi na Songwe, walikuwa juu zaidi. Miongozo ya 1994 iliwafungulia mlango, lakini umbali, aibu na swali la mhudumu, "mama yako anajua?", vinaufunga tena.

Uongozi

UMATI ni chama cha wanachama wa kujitolea, chenye matawi, mkutano mkuu, na bodi inayochaguliwa. Kazi za kila siku husimamiwa na mkurugenzi mtendaji na wataalamu walioajiriwa. Awamu za uongozi zinafuata awamu za kazi. Waasisi walikuwa waendeshaji wa kliniki. Viongozi wa miaka ya 1970 na 1980 walikuwa wasimamizi wa ugavi na mafunzo, washirika wa wizara. Baada ya 1989 uongozi ulilazimika kujibu swali gumu, chama kifanye nini serikali inapofanya kazi yake, na jibu likawa vijana, utetezi wa sera na maeneo yasiyofikika. Kanuni za IPPF zinazotaka vijana na wanawake wawe na viti vya kutosha katika bodi zimebadilisha sura ya vikao.

Hatua kuu

| Mwaka | Tukio |
|---|---|
| 1959 | Chama chaanzishwa Dar es Salaam |
| 1974 | Uzazi wa mpango waingizwa katika huduma za mama na mtoto. Mkoa wa Rukwa waundwa |
| 1983 | Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI watambuliwa Kagera |
| 1989 | Mpango wa Taifa wa Uzazi wa Mpango wazinduliwa |
| 1991/92 | Utafiti wa kwanza: asilimia 7 ya walioolewa watumia njia za kisasa |
| 1993 | Twende na Wakati yaanza redioni |
| 1994 | Miongozo yaondoa masharti ya ndoa na idadi ya watoto |
| 2001 | TACAIDS yaundwa; ANGAZA yaanza |
| 2004 | Dawa za VVU zaanza kutolewa bure |
| 2007 | Kampeni ya taifa ya kupima VVU. Mpango wa zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata waanza |
| 2012 | Tanzania yaahidi, katika mkutano wa London, kupanua huduma |
| 2018 | Chanjo ya HPV yaanza kutolewa nchi nzima kwa wasichana wa miaka 14 |
| 2019 | Sheria yaruhusu kujipima VVU; umri wa idhini miaka 15 |
| 2022 | Asilimia 31 ya walioolewa watumia njia za kisasa |

Matumizi hayakupanda bila kuyumba. Mwezi Septemba 2018 wizara iliagiza matangazo ya uzazi wa mpango redioni na kwenye televisheni yasimamishwe, na takwimu za 2015/16 na 2022 zinakaribiana mno, asilimia 32 na 31. Mwezi Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, ikiwamo ile iliyogharimia sehemu ya vifaa vya uzazi wa mpango na VVU.

Huduma zinazopatikana

Katika vituo vya serikali, Wampembe ikiwa mojawapo ya mahali penye kituo, ushauri wa uzazi wa mpango, vidonge, sindano, kondomu na njia za muda mrefu hutolewa bila malipo, na upimaji wa VVU pia. Hakuna sharti la barua ya mume wala cheti cha ndoa, na mwenye miaka 15 au zaidi anaweza kupima VVU kwa ridhaa yake mwenyewe. Anayeombwa fedha, au anayerudishwa nyumbani kwa sababu hajaolewa au hajazaa, apeleke lalamiko kwa mganga mfawidhi wa kituo, na asiporidhika alifikishe kwa mganga mkuu wa wilaya.